Mkojo ulisema salama, damu ikasema vingine: kisa cha mama mjamzito, mtoto wake na zebaki ya samaki

Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Wiki zote zinazotajwa ni wiki za ujauzito wa mama huyu, hata pale tunapozungumzia vipimo vya mtoto wake mkubwa.

Usuli

Mama ana uzito wa kilo 60 na hii ni mimba yake ya pili. Mtoto wake wa kwanza ana miaka minne na kilo 16. Baba anafanya kazi katika meli ya uvuvi wa bahari kuu. Miezi kama saba kabla ya mahojiano ya lishe yatakayoelezwa hapa chini, alihamia kwenye meli inayovua kwa mshipi mrefu wa ndoano nyingi, na sehemu ya ujira wake ikawa minofu iliyogandishwa ya samaki wakubwa. Tangu hapo friji ya nyumbani haikukosa nduaro, yule mwenye mdomo bapa uliochongoka kama upanga.

Mama alifika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na wiki 9. Alipimwa kama kawaida na kupewa ushauri wa kawaida, ukiwamo huu: ale samaki kwa wingi. Ushauri wenyewe si mbaya. Samaki wana protini, madini joto na mafuta ya omega-3 ambayo ubongo wa kijusi unayahitaji. Ila hakuna aliyeuliza ni samaki gani. Mama akatii. Alikuwa akila nduaro mara mbili kwa wiki. Sasa akaongeza mlo wa tatu, jodari mkubwa kutoka friji ileile.

Wiki ya 15: mahojiano

Kilichomfikisha kwa ofisa lishe hakikuwa zebaki bali upungufu wa damu: hemoglobini ilikuwa gramu 10.1 kwa desilita. Wakati wa kupanga vyakula vyenye madini ya chuma, ofisa lishe aliuliza kuhusu samaki, na aliuliza vizuri. Jina la samaki. Ukubwa wake akiwa mzima, kabla ya kukatwa. Mara ngapi kwa wiki. Kipande kikubwa kiasi gani. Tangu lini. Nani mwingine nyumbani anakula sufuria hiyohiyo.

Kipande kilipimwa, hakikukisiwa. Mama aliombwa kurudi na kipande kibichi cha ukubwa anaoupika, nacho kikaonyesha gramu 150 kwenye mizani. Hili lina maana, kwa sababu viwango vya zebaki vinavyochapishwa huwa ni vya samaki mbichi. Samaki akikaangwa hupoteza maji lakini zebaki inabaki, hivyo gramu 150 za samaki aliyeiva zinaweza kuwa zilitoka kwenye gramu 190 au 200 za mbichi. Ukikokotoa kwa uzito wa sahani unapunja hesabu bila kujua.

Kisha ikafanywa hesabu kwa karatasi na kalamu. Kwa wastani uliochapishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, nduaro wa aina hiyo ana takribani miligramu 0.995 za zebaki kwa kilo, yaani karibu mikrogramu 1 kwa kila gramu ya mnofu. Jodari wa mapezi ya njano ana takribani 0.35.

Mama: gramu 300 za nduaro kwa wiki ni karibu mikrogramu 298, gramu 150 za jodari ni 53. Jumla ni kama mikrogramu 350 kwa wiki. Gawanya kwa kilo 60, unapata 5.8 kwa kila kilo ya mwili.

Mtoto: alikuwa akipakuliwa nusu ya kipande cha mama, siku zilezile. Hiyo ni mikrogramu 175 kwa wiki. Gawanya kwa kilo 16, unapata 10.9.

Nusu ya chakula, karibu mara mbili ya dozi. Kamati ya pamoja ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, iliweka mwaka 2003 kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili, ile sura ya zebaki iliyomo kwenye samaki, kwa kilo ya mwili kwa wiki. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, iliweka 1.3 mwaka 2012. Kipimo rejea cha shirika la mazingira la Marekani, EPA, ni kikali zaidi: 0.1 kwa siku, yaani 0.7 kwa wiki. Uchague kikomo kipi, wote wawili walikuwa wamevuka kwa mbali, na mtoto alikuwa mbele ya mama yake.

Ofisa lishe alimuuliza pia kuhusu njia nyingine zinazoingiza zebaki mwilini: krimu za kung'arisha ngozi, kipimajoto kilichovunjika nyumbani, kuziba meno kwa amalgamu (mchanganyiko wa metali wenye zebaki) hivi karibuni, na mtu yeyote wa familia anayechenjua dhahabu. Zote hazikuwapo. Maswali haya hayafai kurukwa hata pale samaki anapoonekana ndiye chanzo dhahiri. Krimu yenye zebaki hupakwa na mama, lakini hufika pia kwenye taulo, shuka na mikono ya mtoto.

Siku hiyohiyo uamuzi ulifanywa wa kutosubiri majibu ya maabara: mama aache nduaro na jodari mkubwa mara moja. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ulivyotamkwa ni suala jingine, tutalirudia.

Kipimo kilichopelekwa pasipo

Fomu ya maabara ilikuwa na kisanduku kimoja cha «zebaki», nacho kilimaanisha mkojo. Daktari alikiweka alama. Wiki ya 16 jibu likarudi: kiwango cha chini, cha kawaida. Kwa utaratibu wa kliniki, jibu la kawaida hufunga suala, na lingefungwa kama ofisa lishe hangekataa. Hoja yake ilikuwa rahisi: hesabu ya chakula na jibu la mkojo haviwezi kuwa kweli vyote viwili kwa maana ileile.

Vilikuwa kweli vyote viwili, kwa maana tofauti. Zebaki ina sura kadhaa na mwili hauzitendei sawa. Mvuke wa zebaki na chumvi zake, kama zile za krimu na za machimbo, hufika kwenye figo na kuonekana kwenye mkojo. Zebaki ya samaki ni ya methili. Bakteria wa kwenye matope yasiyo na hewa huibadilisha zebaki ya kawaida kuwa methili. Hapo inaingia kwenye viumbe vidogo, kisha samaki wadogo, kisha samaki wanaowala, ikijilimbikiza kila ngazi. Ndiyo maana samaki mla wenzake aliyeishi miaka mingi huwa na nyingi kuliko dagaa wa bahari ileile. Mtu akiila, takribani asilimia 95 hufyonzwa na utumbo, na sehemu kubwa ya inayotoka, karibu asilimia 90, hupitia nyongo na choo kikubwa. Kwenye mkojo huonekana kidogo tu. Mkojo uliulizwa swali lisilo lake, ukajibu kwa ukweli.

Makosa mawili mengine ya aina hii yaliepukwa, nayo ni ya kawaida kiasi cha kustahili kutajwa. La kwanza ni kupima seramu badala ya damu nzima: zaidi ya asilimia 90 ya zebaki ya methili iliyomo kwenye damu imo ndani ya chembe nyekundu, hivyo seramu itasema uongo uleule wa mkojo. La pili ni kile kinachoitwa kipimo cha kuchokoza, ambapo mtu hupewa kwanza dawa ya kufunga metali kisha mkojo wake hupimwa. Viwango vya rejea vilivyopo ni vya watu ambao hawakupewa dawa hiyo, kwa hiyo karibu kila anayepimwa hivyo huonekana «ana sumu».

Damu na nywele, wiki ya 17

Damu nzima ilichukuliwa kwenye tyubu ya kifuniko cha buluu iliyokoza, ile maalumu kwa metali za kiasi kidogo, yenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda. Mgonjwa hahitaji kufunga kula. Zebaki ya jumla inatosha pale chanzo kinapoeleweka kuwa samaki. Kutenganisha sura zake huhitajika pale vyanzo vinapochanganyika.

Mama: mikrogramu 24 kwa lita. Mtoto: 34.

Hapa kuna jambo linalosahaulika. Damu hii ilichukuliwa siku 14 baada ya samaki hao kuachwa. Zebaki ya methili kwenye damu hupungua nusu kila baada ya siku 50 hivi, tofauti kati ya mtu na mtu ikiwa kubwa kiasi. Katika siku 14 hubaki karibu asilimia 82. Kwa hiyo siku ya mahojiano mama alikuwa kwenye 29 na mtoto kwenye 41. Wiki mbili zilizoliwa na kipimo cha mkojo zilifanya tatizo lionekane dogo kuliko lilivyokuwa.

Kwa mama, 29 inakaribiana na kiwango cha damu kinachotarajiwa kutokana na hesabu ya chakula chake. Kwa mtoto hesabu ilitabiri zaidi ya 41. Alipoulizwa tena, mama alisema mtoto huacha karibu theluthi ya kipande. Kilichokuwa kimehesabiwa ni alichopakuliwa, si alichokula, kosa dogo linalojirudia karibu kila hesabu ya lishe ya watoto.

Kiwango kinacholinganishwa mara nyingi ni mikrogramu 5.8 kwa lita. Kinatokana na 58, kiwango cha damu ya kitovu kilichokadiriwa kuwa chanzo cha athari zinazopimika kwenye ukuaji wa akili, kikagawanywa kwa 10 ili kuacha nafasi ya usalama. Si mstari wa ugonjwa. Mtu mzima huanza kuhisi ganzi na kuchomachoma vidoleni kwenye viwango vya karibu 200. Mama hakuwa na dalili yoyote, wala mtoto. Na hilo halikupaswa kumtuliza mtu. Huko Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki ya methili uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 uliwaonyesha madaktari akina mama wenye dalili chache au wasio nazo kabisa wakizaa watoto walioharibika vibaya ubongo. Sababu inajulikana leo: zebaki ya methili ikishikana na asidi amino ya sisteini hufanana na methionini, asidi amino ambayo kondo la nyuma huipokea kwa mikono miwili. Kijusi hupewa kuliko mama anavyobaki nayo. Damu ya kitovu huwa na takribani mara 1.7 ya damu ya mama.

Nywele zilipimwa ili kujua lini, maana kiasi kilishajulikana. Kama nywele 100 zilikatwa kisogoni, karibu kabisa na ngozi, zikafungwa uzi upande wa mzizi ili maabara isizigeuze. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Mama hakuwa ametumia dawa ya kunyoosha wala ya kutia mawimbi. Dawa hizo huweza kuitoa zebaki kwenye nywele na kushusha jibu. Sentimita 3 za karibu na ngozi: mikrogramu 6.8 kwa gramu. Zilizofuata: 4.9. Zilizofuata tena: 1.1. Picha ikawa wazi. Kupanda kulianza miezi michache kabla ya mimba, sawa na baba alipohamia meli mpya, na mimba yote hadi hapo ilikuwa kwenye kiwango cha juu.

Kilichosikika badala ya kilichosemwa

Wiki ya 17 iligundulika pia kuwa nyumba nzima ilikuwa imeacha samaki wote. Maneno ya wiki ya 15 yalikuwa «kwa sasa acha hao samaki», na nyumbani yalifika kama «acha samaki». Sardini za kopo zilizokuwa kabatini ziligawiwa majirani. Mtoto, ambaye hakupenda nyama, alikuwa akila wanga na chai.

Hili si dogo. Mjamzito mwenye upungufu wa damu alikuwa amepoteza chanzo chake kikuu cha protini kwa wiki mbili, na mtoto wa miaka minne vilevile. Ofisa lishe aliandika upya maelekezo, safari hii akianza na kinacholiwa:

Mama ale gramu 227 hadi 340 za samaki kwa wiki, kutoka kwa wenye zebaki kidogo: dagaa na sardini, perege, salmoni, kamba, ngisi. Mtoto apate milo miwili kwa wiki, kila mmoja karibu gramu 57, kutoka orodha hiyohiyo. Nduaro, papa na jodari wakubwa wasiguswe na hawa wawili hadi kunyonyesha kutakapokwisha na mtoto atakapoelekezwa upya.

Ukitaka kuona tofauti, zidisha. Gramu 340 za samaki mwenye miligramu 0.02 kwa kilo ni mikrogramu 6.8 kwa wiki. Mama alikuwa akila 350. Samaki wengi karibu kama awali, zebaki chini mara hamsini. Ni nadra ushauri wa lishe kuleta punguzo kama hilo kwa kubadili tu kilichomo kwenye sufuria.

Mama aliuliza kama kuondoa ngozi, kukata mafuta au kuloweka kungetosha ili wasipoteze minofu iliyokwisha kugandishwa. Hapana. Zebaki ya methili imeshikana na protini ya mnofu wenyewe. Haimo kwenye mafuta, haitoki kwa maji, na moto haiondoi.

Dawa: kwa nini hakuna aliyepewa

Ndugu walishauri dawa za «kusafisha sumu», na mmoja wa madaktari aliuliza kama dawa ya kufunga metali ingefaa. Timu iliamua la, kwa wote wawili. Kwa viwango hivi hakuna ushahidi kwamba dawa hizo huboresha ukuaji wa akili wa mtoto, na kwa mjamzito zina hatari zake. Dimakapro, mojawapo ya dawa hizo za kufunga metali, haipaswi kutumika kabisa kwenye zebaki ya methili: katika wanyama ilionekana kuihamishia kwenye ubongo. Tiba iliyobaki ni muda, mradi samaki wale wasirudi.

Wiki ya 25: mama anashuka, mtoto hashuki inavyotakiwa

Siku 56 baada ya kipimo cha kwanza, kwa kasi ya nusu kila siku 50, kinachobaki ni asilimia 46, juu yake uongeze karibu 1 inayoletwa na samaki wapya. Mama alitarajiwa 12, akatoka 12. Mtoto alitarajiwa 16 au 17. Alitoka 25.

Kabla ya kumshuku mtu, maabara iliombwa kurudia sampuli ileile. Jibu halikubadilika. Vyanzo vingine vikaulizwa upya, hakuna. Mama alikuwa na uhakika kwamba hajampikia mtoto nduaro, na alikuwa akisema kweli. Baba ndiye aliyekuwa akijipikia, kila alipokuwa nchi kavu, na mtoto alikuwa akikaa mapajani mwake na kula kwenye sahani yake. Baba hakuwahi kuitwa kliniki. Alichojua ni kwamba «mama asile kwa sababu ya mimba», na kwa akili ya kawaida alihitimisha kuwa mtoto hahusiki.

Aliitwa. Hakuhubiriwa, alionyeshwa grafu ya vipimo viwili vya mtoto wake na mstari wa matarajio, kisha hesabu ya kilo 16. Alipima mwenyewe vipande vya ukubwa wa vidole viwili anavyompa mtoto: kama gramu 40. Kwa samaki mwenye mikrogramu 1 kwa gramu, hiyo ni 2.5 kwa kilo ya mtoto kwa mlo mmoja, zaidi ya kikomo cha wiki nzima cha FAO na WHO. Baada ya hapo aliomba sehemu ile ya ujira ilipwe fedha.

Wiki ya 33 mama alikuwa na 6.1 na mtoto 12. Miezi minne baadaye mtoto alikuwa na 3.2. Ukaguzi wa ukuaji wake, lugha na matumizi ya vidole haukuonyesha kasoro.

Kujifungua

Mama alijifungua wiki ya 39, mtoto wa kilo 3.1. Damu ya mama: 3.9. Damu ya kitovu: 6.6.

Matokeo haya huwasumbua wanaotaka kisa kiishe vizuri. Mama yuko chini ya 5.8, mtoto wake yuko juu kidogo. Na kitovu husema zaidi habari za miezi ya mwisho. Katikati ya mimba, mama alipokuwa na 24, upande wa kijusi ungekuwa karibu 40. Familia iliambiwa hivyo bila kupambwa, na iliambiwa pia kwamba athari zinazofahamika kwenye viwango hivi huonekana kwenye wastani wa makundi ya watoto, ni ndogo, na haziwezi kusomwa kwenye uso wa mtoto mmoja. Ukaguzi wa miezi sita ulikuwa wa kawaida. Hilo halithibitishi kwamba hakuna kilichotokea, linathibitisha tu kwamba hakuna kikubwa.

Mama alishauriwa kunyonyesha kama kawaida. Zebaki ya methili hupita kidogo kwenye maziwa ikilinganishwa na kondo, na mtoto anavyoongezeka uzito kiwango chake hushuka. Kumwachisha kungemnyima mengi kwa kumkinga na kidogo.

Uchambuzi

Wiki sita kati ya ile ya 9 na ile ya 15 ndizo ghali kuliko zote katika kisa hiki. Kama swali la samaki gani lingeulizwa siku ya kwanza, mama, anayekadiriwa kuwa alikuwa na kama 26 wakati huo, angefika wiki ya 17 akiwa na karibu 12 badala ya 24, na hesabu ileile inampeleka kujifungua akiwa na 2.3, kitovu kingekuwa chini ya 4. Swali lenyewe huchukua dakika mbili. Hakuna kipimo wala dawa iliyotumika baadaye ambayo ingeweza kununua tena wiki hizo, kwa sababu mwili hauharakishwi.

Hesabu ya karatasi ilifanya kazi kubwa kuliko maabara. Ilisema nani yuko hatarini zaidi kabla ya damu kuchukuliwa, ilikataa jibu la mkojo, na kwenye wiki ya 25 ilitoa matarajio ambayo bila hayo 25 ya mtoto ingepokewa kama habari njema: imeshuka kutoka 34, tuendelee. Kushuka si sawa na kushuka inavyotakiwa. Kila kipimo cha marudio kinastahili kuandikiwa namba ya matarajio kabla ya jibu kurudi.

Kuhusu kuwakataza watu samaki kabisa, ushahidi una pande mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Katika Visiwa vya Faroe, watoto waliozaliwa miaka ya 1986 na 1987 walifuatiliwa, na wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walionyesha upungufu kwenye lugha, umakini na kumbukumbu. Lakini huko zebaki ilitoka zaidi kwenye nyama ya nyangumi. Ushelisheli, ambako mama walikula samaki wa bahari wa kila aina karibu kila siku na nywele zao zilikuwa na viwango vya juu, ufuatiliaji wa miaka mingi haukukuta madhara yanayojirudia. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba virutubisho vya samaki hufidia sehemu ya madhara. Kwa kliniki, maana yake ni kwamba kubadili samaki ni bora kuliko kuacha samaki, na kwamba ushauri unaoanza na katazo utasikika kama katazo tupu.

Baba alisema jambo lililostahili kujibiwa: samaki wale walipita ukaguzi wa bandari. Ni kweli. Viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, vya mwaka 2018 vinaruhusu zebaki ya methili hadi miligramu 1.2 kwa kilo kwenye jodari, 1.6 kwa papa na 1.7 kwa marlini. Ni viwango vya biashara ya samaki. Havijui ni mara ngapi kwa wiki utamla, wala kama anayemla ana kilo 80 au 16. Samaki halali sokoni akiliwa mara tatu kwa wiki na mtoto anaweza kuzidisha kikomo mara kadhaa, na hakuna aliyevunja sheria.

Kosa la kutomwita baba limo kwenye muundo wa huduma. Kliniki ya wajawazito humwona mama. Mtoto wa miaka minne huonekana kwingine. Baba haonekani popote. Sufuria ni moja. Katika kisa hiki mtoto mkubwa ndiye aliyekuwa na damu mbaya zaidi tangu mwanzo, na alikaribia kupita bila kupimwa kwa sababu mgonjwa aliyesajiliwa ni mama.

Fomu ilivyobadilishwa

Kisanduku cha «zebaki» kimegawanywa: damu nzima kwa walaji wa samaki, mkojo kwa krimu, mvuke na machimbo. Kwenye ziara ya kwanza mkunga sasa huuliza maswali manne: samaki gani, akiwa mzima ana ukubwa gani, mara ngapi kwa wiki, na nani wengine wanakula. Mama akitaja nduaro, papa, jodari mkubwa au nguru mkubwa zaidi ya mara moja kwa wiki, hubadilishiwa samaki siku hiyohiyo na damu yake hupimwa, pamoja na ya watoto walio chini ya miaka 12 wanaokula naye. Anayenunua au kupewa minofu iliyokatwa bila kujua jina wala ukubwa wa samaki, huhesabiwa kama anayekula samaki mkubwa hadi atakapoleta kipande na kuonyesha alikokipata.